Mabingwa Wanane Mbele ya Roboti wa Buluu: Tathmini ya Street Fighter X Mega Man

Tarehe 17 Desemba 2012, siku ambayo Mega Man alitimiza miaka 25 tangu mchezo wake wa kwanza utoke nchini Japani kwa jina la Rockman, kampuni ya Capcom iliwapa mashabiki wake mchezo mzima wa kompyuta bila kuwatoza chochote. Mchezo huo ni Street Fighter X Mega Man. Ndani yake roboti yule wa buluu, aliyechorwa kwa pikseli kubwa kubwa kama alivyokuwa enzi za mashine za biti 8, anaendelea na kazi yake ya kuruka majukwaa na kufyatua risasi, ila safari hii wanaomsubiri mwisho wa kila hatua ni wapiganaji wa Street Fighter, mfululizo wa michezo ya mapigano ya ana kwa ana ambao nao ulizaliwa mwaka 1987. Nimeumaliza mara nyingi, na nimesoma na kusikia mengi yanayosemwa na wachezaji wenzangu juu yake, ya sifa na ya lawama. Mengi ya maoni hayo ni ya haki, lakini naona kwamba yanapita kando ya jambo lililo kubwa kuliko yote: mchezo huu umefanikiwa kwa sababu aliyeubuni alitambua kwamba mifululizo hii miwili, ijapokuwa kwa sura ni ya aina tofauti kabisa, inamdai mchezaji kitu kimoja, nacho ni kumsoma mpinzani.

Ni vigumu kuyaelewa maoni hayo bila kukumbuka hali ya mashabiki wa Mega Man wakati ule. Keiji Inafune, aliyekuwa sura ya mfululizo huo kwa miaka mingi, alikuwa ameondoka Capcom mwaka 2010. Mwaka uliofuata mchezo wa Mega Man Universe ulifutwa, na miezi michache baadaye Mega Man Legends 3 nao ukafutwa, huku mashabiki walioalikwa kuchangia mawazo katika utengenezaji wake wakibaki mikono mitupu. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba miaka 25 ingeadhimishwa kwa mchezo ulioanzishwa na shabiki, wapo waliofurahi na wapo waliochukizwa. Waliochukizwa walisema kwamba kampuni yenye uwezo mkubwa imeazima jasho la mtu mmoja ili kuziba pengo ililolichimba yenyewe. Shabiki huyo ni Seow Zong Hui wa Singapore, ambaye alianza kuutengeneza mchezo kwa mapenzi tu, akawaonyesha watu wa Capcom wakati wa Evo ya mwaka 2012, mashindano makubwa ya michezo ya mapigano, nao badala ya kumtumia barua ya wanasheria wakaupokea, wakachangia gharama za kuukamilisha na kuutoa kwa jina lao. Naelewa uchungu wa waliofutiwa michezo yao, na sidhani kwamba walitia chumvi. Hata hivyo, mchezo wenyewe haukustahili kubeba lawama hiyo, na mtu anayeucheza leo akiwa mbali na hasira za mwaka ule atakiona kitu ambacho hasira zilikificha.

Kitu hicho kinaanza kuonekana kwenye ukurasa wa kuchagua hatua. Tangu Mega Man 2 ya mwaka 1988, desturi ya mfululizo ni mabosi wanane, yaani maadui wakubwa wa mwisho wa kila hatua, ambao mchezaji huwaendea kwa mpangilio anaoutaka mwenyewe, kisha ngome ya adui mkuu. Street Fighter II ya mwaka 1991 nayo ilikuwa na wapiganaji wanane wa kuchagua, na nyuma yao wakasimama wakubwa wanne ambao mchezaji hakuwafikia mpaka awe amewamaliza wengine. Hesabu hizo mbili zinakaribiana kiasi kwamba mchezo huu haukuhitaji kulazimisha lolote. Ryu, Chun-Li, Blanka, Dhalsim, Rolento, Rose, Urien na Crimson Viper wamechukua nafasi ya mabosi wanane, na baada yao Balrog, Vega na M. Bison wanakungoja ngomeni. Mchezaji wa upande wowote akiutazama mpangilio huo anajiona yuko nyumbani, na hilo ni jambo ambalo michezo mingi ya kukutanisha wahusika hushindwa kulipata, kwa kuwa huishia kumvisha mhusika mmoja nguo za mwingine na kuita hayo makutano.

Pambano na Ryu linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndipo nilipoelewa mchezo huu unataka nini kwangu. Niliingia chumbani mwake nikiwa na mazoea ya Mega Man: bosi anarudia mizunguko yake, nawe unahesabu hatua na kupiga katika nafasi iliyoachwa wazi. Hadouken yake ya kwanza, ule mpira wa moto anaourusha kwa mikono, ilipokuja, niliiruka na kujibu kwa risasi. Ya pili niliiruka tena, nikasogea. Ya tatu niliiruka nikiwa karibu naye mno, naye akapanda na Shoryuken, ngumi yake ya kuruka juu, akanikuta hewani. Kila aliyewahi kucheza Street Fighter ameonja adhabu hiyo: mpinzani anakurushia moto ili uruke, na ukiruka ngumi ya juu inakungoja. Mtego huo umehamishiwa katika mchezo wa kuruka majukwaa bila kupoteza maana yake hata kidogo, na dawa yake ni ile ile, yaani kutoruka kwa pupa na kuchunga umbali. Kumbe mchezaji wa Mega Man alikuwa akifundishwa somo la Street Fighter bila kuambiwa kwamba yuko darasani. Siku ile nilishindwa, nikarudi, nikashindwa tena, na nilipomshinda hatimaye nilijua kwa hakika kwamba nimemshinda Ryu, wala si roboti mwingine aliyevaa kitambaa cha kichwani.

Mabosi hawa wamepewa pia kipimo cha nguvu ambacho mabosi wa kawaida wa Mega Man hawana, sawa na kile kinachojaa katika michezo ya mapigano, na kikijaa bosi anaweza kutoa shambulio lake kubwa. Wachezaji wamegawanyika hapa. Wapo wanaosema kwamba shambulio hilo linavunja mdundo wa pambano, kwamba mtu aliyekwisha kumzoea bosi anapigwa na kitu ambacho hakukitarajia. Nakubaliana nao kwamba mara ya kwanza inaumiza, lakini sikubali kwamba ni kasoro, kwa sababu kipimo kiko mbele ya macho yako muda wote. Kinachodaiwa ni kukitazama, kujua kwamba kinakaribia kujaa, na kujiweka mahali salama kabla hakijajaa. Wachezaji wa michezo ya mapigano hufanya hivyo kila siku. Mashabiki wa Mega Man waliozoea kutazama mstari wa uhai peke yake ndio waliolalamika zaidi, na naona malalamiko yao yanaonyesha jinsi mchezo ulivyowagusa mahali pasipozoeleka.

Silaha ndizo zilizonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kama kawaida, ukimshinda bosi unachukua silaha yake, na kila silaha ina bosi ambaye inamuumiza zaidi, hivyo kutafuta mpangilio mzuri ni nusu ya utamu. Hadouken unayoipata kwa Ryu inatoka kwa kubonyeza kitufe kimoja tu. Jambo hilo limewasikitisha wachache ambao wangependa kuzungusha mishale kutoka chini hadi mbele kama ilivyo katika Street Fighter, tena wana hoja, kwa sababu Mega Man X ya mwaka 1993 ilikuwa na Hadouken iliyofichwa ambayo mchezaji aliitoa kwa mzunguko huo huo, na kwa sharti la kuwa na uhai uliojaa. Hiyo ilikuwa siri, zawadi kwa mtafutaji. Katika mchezo huu, Hadouken ni silaha ya kila siku inayotumika katikati ya mruko, juu ya jukwaa jembamba, adui wawili wakiwa mbele, na mzunguko wa vidole ungeifanya isitumike na mtu yeyote. Lightning Kick ya Chun-Li ni ya karibu sana na inakulazimisha kumsogelea adui, jambo ambalo mkono wa Mega Man uliozoea kufyatua kutoka mbali hulikataa mwanzoni. Soul Satellite ya Rose inamzunguka mwenye nayo kama ngao inayotembea. Tropical Hazard ya Blanka ni tikiti maji, na anayeikumbuka Street Fighter Alpha 3 anajua tikiti hilo limetoka wapi. Aegis Reflector ya Urien, ile ngao inayosimama hewani kama kioo, wengi huipuuza kwa sababu haionekani kuwa na makali, nami niliipuuza pia mpaka nilipokaa nayo katika hatua moja nzima na kuizoea.

Mega Man mwenyewe amerudishiwa risasi ya kuchaji, ile inayopata nguvu ukishikilia kitufe, na uwezo wa kuteleza chini. Hili si dogo. Kuteleza kulianza na Mega Man 3 mwaka 1990 na kuchaji kukaja na Mega Man 4, lakini michezo miwili ya kurejea mtindo wa zamani, Mega Man 9 ya mwaka 2008 na Mega Man 10 ya mwaka 2010, ilimnyang'anya vyote viwili ili kurudi kwenye usahili wa mwanzo. Wachezaji wanaopenda usahili huo wameona kwamba mchezo huu umemlegeza roboti wao. Kwangu mimi, uamuzi ulikuwa sahihi, kwa kuwa wapiganaji wa Street Fighter wanatembea haraka na wanashika eneo kubwa la kioo cha kompyuta kuliko mabosi wa zamani, na bila kuteleza, mapambano kadhaa yangegeuka kuwa ya kubahatisha.

Kuhusu hatua zenyewe, yaani safari ya kuelekea kwa bosi, maoni mengi ni ya uvuguvugu na siwezi kuyapinga. Ni fupi. Nyingine zina wazo zuri linaloonekana mara mbili tatu kisha linaachwa kabla halijakomaa, ilhali hatua bora za Mega Man hulianzisha wazo mahali salama, hulirudia juu ya shimo, na mwisho hulichanganya na adui ili uthibitishe kwamba umeelewa. Hapa nimewahi kufika mlango wa bosi nikidhani bado niko katikati ya njia. Ni wazi kwamba moyo wa mtengenezaji ulikuwa kwenye mapambano, na mchezaji anayependa zaidi majukwaa kuliko mabosi atabaki na njaa.

Muziki, kwa upande mwingine, karibu kila mtu anausifu, na sifa hizo unazistahili. A_Rival, aliyeutengeneza, hakuchukua nyimbo za Street Fighter na kuzipunguza ubora ili zisikike za kizamani. Alikwenda mbali zaidi. Mashine ya Nintendo ya enzi hizo ilikuwa na njia tano tu za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu iliyobeba besi, moja ya kelele iliyotumika kama ngoma, na moja ya vipande vya sauti vilivyorekodiwa. Watunzi wa Mega Man walijifunza kuufanya ufinyu huo uimbe, kwa sauti za haraka zinazopanda na kushuka ili sikio lidhani linasikia ala nyingi kuliko zilizopo. Nyimbo za Street Fighter II, ambazo sehemu kubwa zilitungwa na Yoko Shimomura, zina tabia nyingine: kila mpiganaji ana wimbo unaokuambia yeye ni nani ndani ya sekunde chache. Katika mchezo huu tabia hizo mbili zimeshonwa pamoja, hivi kwamba unaitambua sauti ya mpiganaji mara moja, lakini inakimbia kwa mwendo wa Mega Man, na katikati yake kinapita kipande cha wimbo wa zamani wa Mega Man kama salamu ya mtu anayepita barabarani. Wimbo wa Chun-Li ndio niliourudia zaidi. Kuna nyakati nilimsimamisha Mega Man mahali pasipo na adui ili wimbo ufike mwisho kabla sijasonga mbele.

Lawama iliyo nzito kuliko zote, na ambayo hakuna utetezi unaoifuta, ni kwamba toleo la kwanza halikuwa na njia yoyote ya kuhifadhi mchezo. Mchezaji aliyewashinda mabosi sita akalazimika kuzima kompyuta alipoteza kila kitu na kuanza upya. Wachezaji walilisema hili kwa sauti moja. Wapo waliojitokeza kutetea kwa kukumbusha kwamba Mega Man ya kwanza kabisa haikuwa na neno la siri wala namna nyingine ya kuendelea, kwa hiyo huo ulikuwa uaminifu kwa asili. Hoja hiyo haisimami. Mchezo wa kwanza ulikuwa na mabosi sita badala ya wanane, na Capcom wenyewe walilirekebisha jambo hilo mara moja katika Mega Man 2, walipoweka neno la siri. Kurejea mtindo wa zamani hakumlazimishi mtu kurejea na kasoro ambayo wazee wenyewe waliitupa. Jambo la kutia moyo ni kwamba malalamiko yalisikilizwa upesi, na Januari 2013 likatoka toleo la pili lenye neno la siri pamoja na marekebisho mengine. Anayetaka kuucheza ahakikishe ni hilo la pili alilonalo, kwa sababu tofauti ya matoleo haya mawili ni tofauti kati ya kuufurahia mchezo na kuuchukia.

Mjadala ambao haujaisha hadi leo ni wa wapiganaji waliochaguliwa kuwa mabosi. Ken hayumo miongoni mwa wanane, Guile hayumo, Zangief hayumo, ilhali Rolento, aliyeanzia katika Final Fight kabla ya kuhamia Street Fighter, amepewa hatua yake. Wapenzi wa Street Fighter II wamelichukulia hilo kama dharau. Ukiutazama uchaguzi kwa utulivu, hata hivyo, unaona kwamba umepita karibu kila kizazi cha mfululizo: nusu ya mabingwa ni wa Street Fighter II, Rose anatoka Street Fighter Alpha, Urien anatoka Street Fighter III, na Crimson Viper anatoka Street Fighter IV ya mwaka 2008. Unaona pia kwamba kila mmoja ana mwendo wake. Ken na Ryu wakiwekwa pamoja wangekuwa bosi mmoja mara mbili, kwa kuwa Ken wa mwanzo ni Ryu aliyebadilishiwa rangi. Zangief, ambaye uhodari wake wote uko katika kumkamata mtu mikononi, angempa Mega Man silaha gani ya kurusha? Pengo ninaloliona la kweli ni la Guile. Sonic Boom, shambulio lake la kurusha, ingekuwa silaha safi, na tabia yake ya kukaa chini akingoja ingeleta pambano lisilofanana na lingine lolote humu.

Kuhusu ugumu, maoni yamekaa pande mbili ambazo hazitapatana. Waliokulia kwenye Mega Man wanasema mchezo ni mwepesi, na wanaosema hivyo kwa kawaida wamezingatia hatua. Waliotoka Street Fighter wanasema ni mgumu, nao wanazungumzia mashimo na miiba, vitu ambavyo michezo yao haikuwahi kuwa navyo. Mimi niko katikati. Njia ya kufikia mabosi ni nyepesi, mabosi wengi wana ugumu wa haki, na ngome ya mwisho inapanda ghafla kuliko inavyopaswa, hasa Vega, ambaye wepesi wake unakuacha na nafasi ndogo sana ya kujibu.

Halafu yupo Akuma. Katika Super Street Fighter II Turbo ya mwaka 1994 alikuwa bosi wa siri ambaye hujitokeza tu kwa mchezaji aliyepigana vizuri kupita kawaida, na hapa pia hapatikani kwa kufika mwisho tu; sharti uwashinde baadhi ya mabosi bila kuguswa hata mara moja. Baadhi ya wachezaji wanalalamika kwamba sharti hilo linawanyima wengi sehemu bora ya mchezo. Kwangu lilifanya kinyume. Nilirudi kwa Ryu, yule yule aliyenipiga Shoryuken nikiwa hewani, nikiwa sitaki tena kumshinda bali kumshinda bila kuguswa, na nikagundua kwamba sikuwa nimewahi kumwangalia miguu. Hapo awali nilikuwa nikiangalia kioo kizima, nikingoja moto utoke ndipo niamue. Safari hii niliangalia mwili wake kabla ya moto kutoka, nikajua lini ataurusha na lini anangoja niruke, na kidole changu kikatulia juu ya kitufe bila kukibonyeza. Hadouken nne zilipita, nikaziruka zote kutoka mbali, nikateleza alipokuja kwa teke la kuzunguka, na mstari wangu wa uhai ulikuwa bado umejaa alipoanguka.